Fundi Mate, Aliyepima Kila Pancha Aliyoiziba

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Mate, alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa mtoto wa pekee, hadi mama yake alipojifungua mtoto wa kike, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Alimbeba mgongoni mdogo wake huyo mpaka wenzake wakamwita yaya. Hakujali.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Kwenye hesabu hakuwa moto wa kuotea mbali, lakini mwalimu wa hesabu alikuwa na baiskeli kuukuu isiyoisha pancha, na marehemu ndiye aliyekuwa anaitwa kuiziba. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alifaulu kwa nguvu za pampu.

Mwaka 1992 alifungua banda lake kando ya mashine ya kusaga. Tairi za pikipiki zisizo na tyubu zilipoingia, alikuwa wa kwanza mtaani kuziziba kwa kamba ya mpira bila kung'oa gurudumu. Alichomoa msumari, akakwangua tundu kwa tupa, akapaka gundi, akaisukuma kamba ndani kwa sindano, akakata ncha na kujaza upepo. Kisha alitema mate juu ya kiraka, akainama na kutazama huku akihesabu hadi thelathini. Povu likitokea, hata dogo la ukubwa wa punje ya mtama, aling'oa kila kitu na kuanza upya. Wenye haraka walinung'unika. Aliwaambia wamtafute fundi mwenye haraka kama wao.

Mwaka 2009, ndoa ya mdogo wake ilipovunjika akarudi nyumbani, marehemu alimpa kiti cha pili bandani na sindano yake mwenyewe. Shangazi zake walisema kazi ile si ya mwanamke. Akawajibu kwamba tairi haijui nani kaiziba. Ilimchukua miezi sita kumfundisha, na hakuwahi kumfokea.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 na fundi cherehani aliyekuwa na duka mkabala na banda. Siku ya harusi pikipiki ya msimamizi wake ilipata pancha njiani. Bwana harusi alipiga magoti na suti yake, akaiziba, akatema mate, akahesabu hadi thelathini, bibi harusi akiwa anasubiri na shela lake kichwani. Mke wake husema hapo ndipo alipojua kwamba huyu mtu hafanyi kitu nusunusu. Walijaliwa watoto wawili.

Sehemu inayofuata iliandikwa mara mbili. Mara ya kwanza iliandikwa kwamba marehemu aliteleza kwenye mchanga. Hapakuwa na mchanga.

Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa saba mchana, tairi ya nyuma ya pikipiki ya marehemu ilikutwa na msumari. Yeye alikuwa anakula, akamwomba mdogo wake amzibie. Wateja watatu walikuwa wanasubiri, na hao mdogo wake aliwafanyia kazi kwa utaratibu wote. Ya kaka yake aliifanya juujuu, kwa kuwa mtu wa nyumbani halalamiki. Tundu hakulikwangua vya kutosha. Mate hakutia. Kaka yake alipokuwa anafunga kofia ya pikipiki alimuuliza, "Umetia mate?"

Mdogo wake akajibu bila kuinua kichwa, "Nimetia."

Kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kumdanganya kuhusu kazi, ndiyo maana aliaminiwa. Kwenye kona iliyo chini ya shule kamba ilichomoka, tairi ikaisha upepo, na marehemu akaanguka na kuvunjika nyonga, akalazwa hospitali.

Kesho yake mdogo wake alikwenda kuitazama pikipiki, akaliona tundu likiwa wazi. Aliporudi hospitali alimkuta kaka yake akimweleza mama yao kwamba ni mchanga tu. Mama akageuka kumtazama binti yake. Naye akaitikia kwa kichwa.

Marehemu alifanyiwa upasuaji tarehe 9 Juni, lakini kidonda kilipata maambukizi na homa haikumwachia. Mdogo wake alimpelekea uji kila siku, na kila siku aliondoka bila kusema. Wiki ya mwisho, marehemu alirudisha kikombe akamwambia, "Banda usilifunge. Ila uwe unatia mate." Alikuwa anajua, pengine tangu siku ile ya kwanza. Mdogo wake alikwenda kuosha kikombe, akakiosha muda mrefu mno.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 18 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Jana, kabla ratiba hii ya mazishi haijapelekwa kuchapishwa, mdogo wake aliwasomea mama na wifi yake wasifu huu. Mama aliuliza kama mwanawe alikuwa amemaliza chakula chake mchana ule. Alikuwa amemaliza. Wifi aliendelea kukunja mashati ya mumewe, kisha akasema, "Usomwe kama ulivyo. Mimi leo sina la kukwambia." Ana haki hiyo, leo na siku zote.

Marehemu ameacha mama, mke, binti mmoja, mwana mmoja, na banda ambalo halitafungwa. Ameacha pia mdogo wake, aliyeulizwa swali moja akalijibu kwa uongo, na ambaye leo, mbele yenu nyote, analijibu upya.

Sikutia, kaka. Lala salama.