Mama Kiwiko na Shamba Alilotuachia

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mliokuja kutushika mkono, haya ni maisha ya dada yetu kwa ufupi, kama tulivyoweza kuyakusanya huku mioyo ikiwa mizito. Yanasomwa na mdogo wake wa kike.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa kinu cha kuchambua pamba, chumba cha pili kutoka langoni. Baba yetu alikuwa mtu wa mizani hapo kinuni. Mama alilima mahindi na kunde kwenye ukanda wa ardhi kati ya nyumba na reli. Marehemu alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, na mama alipenda kusema kwamba huyu alianza kula udongo kabla ya uji.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1978 akaingia chuo cha kilimo. Likizo yake ya kwanza haisahauliki nyumbani kwetu. Alishuka kwenye gari, akabadili nguo, akaenda moja kwa moja shambani na kung'oa mstari mzima wa kunde. Mama alimkuta ameinamia beseni, anaosha mizizi na kupasua vinundu vyake kwa wembe.

"Mwanangu, tumekupeleka chuoni ukajifunze kupanda au kung'oa?"

"Tazama, mama. Ndani ni vyekundu. Maana yake hizi kunde zinailisha ardhi. Vingekuwa vyeupe, zingekuwa zinakaa tu bure."

"Na sisi tutakula hivyo vyekundu?"

Mama alilalamika mpaka jioni. Kesho yake tukamsikia uani akimweleza jirani habari za vinundu, tena kwa maringo, kana kwamba yeye ndiye aliyevigundua.

Marehemu aliajiriwa kuwa bibi shamba tarehe 1 Julai 1981, akapangiwa kituo cha huku milimani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kilichobanana na ghala la mbegu, na panya ndio waliokuwa wenyeji. Alipewa baiskeli, na baadaye pikipiki, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Wengi mliopo hapa mlimsikia kwa masikio yenu. Aliwasihi watu walime kukingama na mteremko, wasilime kuufuata, ili maji yasiondoke na shamba. Aliwakataza kuchoma mabua, akisema udongo nao una aibu, usiuache uchi. Panapotoka mahindi, msimu ujao paingie maharage au kunde. Palizi ya kwanza haingoji mtu amalize udhuru.

Juu ya yote alisisitiza jambo moja. Usipande kwa sababu mawingu yamekutisha. Chimba shimo, ingiza mkono, na kama unyevu haujafika karibu na kiwiko, rudi nyumbani ukanywe chai. "Mvua ya kwanza ni mgeni aliyebisha hodi," alikuwa akisema, "bado hajaketi." Hapo ndipo alipopata jina la Mama Kiwiko, na watoto wengi wa huku walikua bila kujua kwamba ana jina lingine.

Hatutasema kwamba kila aliyemsikiliza alivuna. Mwaka 1992 mvua ilikatika mahindi yakitoa mbelewele. Palikuwa na mjane mmoja aliyekuwa amefuata kila neno: matuta, samadi, mbegu, palizi. Alimpeleka marehemu shambani, wakasimama katikati ya majani yaliyojikunja kama sigara.

"Bibi shamba, nimefanya yote uliyosema."

"Najua."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, dada yangu."

Wakaketi juu ya tuta, wote wawili, mpaka jua likaondoka. Marehemu alituambia kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kutamka neno zito kuliko hilo "sijui". Mjane hakumlaumu. Alimfungashia boga moja lililopona, na marehemu alilibeba kwenye baiskeli huku analia njia nzima.

Baiskeli hiyohiyo ndiyo iliyomletea mume. Shemeji yetu alikuwa fundi baiskeli pale njia panda, na mnyororo wa bibi shamba ulikuwa ukikatika mara nyingi mno kwa mnyororo usio na kasoro. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Julai 1984. Shemeji hakuwa mkulima na hakujidai kuwa mmoja. Akiulizwa habari za shamba alijibu, "Mwulizeni mwenye udongo wake, mimi ni mtu wa spoku." Walipata watoto watatu. Marehemu alipostaafu, wote wawili wakaanza kulima shamba hili lililo nyuma ya nyumba, yeye akielekeza, shemeji akishika jembe.

Alhamisi ya tarehe 12 Januari 2023, marehemu alikuwa akichagua mbegu za maharage jikoni, ungo ukamponyoka. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakapotea isipokuwa mawili, "haya" na "hapana", nayo yalitoka ovyo, moja mahali pa lingine. Daktari alisema, "Akili yake ni nzima kabisa. Njia ya kutolea maneno ndiyo iliyoharibika." Mtu aliyesema na wakulima miaka yote hiyo sasa aliketi kwenye kiti cha magurudumu, anatuona tunavyokosea.

Mwanzoni mwa Novemba mwaka huohuo mvua ikashuka kwa kishindo, kisha ikatulia. Shemeji akabeba mbegu kwa furaha, akamsukuma mkewe mpaka ukingoni mwa shamba apate kuona. Marehemu akainua mkono wa kushoto, akagusa kiwiko cha mkono uliokufa. Akagusa tena, na tena.

"Mkono unauma, mama?"

"Haya," akasema.

Shemeji akaleta dawa ya kuchua, akamchua kiwiko. Marehemu akamsukuma mkono. Binti yao akaleta mto, akauweka chini ya kiwiko, marehemu akautupa. Machozi yakamtoka. Wakadhani ni maumivu, wakamrudisha ndani akapumzike, na shemeji akapanda shamba lote.

Mvua haikurudi. Mbegu zilichipua, zikanyauka. Siku shemeji alipochimba kutafuta kilichobaki, mkono wake ulikutana na vumbi kabla haujazama hata kiganja, na hapo ndipo alipoelewa. Alirudi ndani na udongo vidoleni, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Kumbe ulikuwa unaniambia."

Marehemu akamtazama, kisha akacheka. Kiharusi hakikuwa kimegusa kicheko chake. Walicheka wote wawili mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Wakapanda upya mvua zilipoketi. Jumapili ya tarehe 7 Januari 2024 kiharusi kikamrudia, na safari hii hakikumwachia hata "haya". Mahindi yalikuwa yamevuka magoti, lakini majani ya chini yalianza kugeuka manjano katikati, kutoka nchani kwenda shinani. Shemeji alichuma moja, akaenda nalo wodini alikolazwa mkewe.

"Mama, hii ni njaa ya mbolea au ni ugonjwa? Fumba macho mara moja kama ni mbolea."

Marehemu alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena, na shemeji hakujua ahesabu wapi. Alifariki Jumanne, tarehe 16 Januari 2024, mchana, mumewe akiwa amemshika mkono ulio hai.

Ameacha mume, watoto watatu, ambao ni mwalimu, fundi umeme na mshonaji, wakwe wawili, wajukuu watano, na sisi ndugu zake wanne tuliobaki.

Tunalo ombi moja, na shemeji ametuomba tuliseme hapahapa. Mahindi hayo mnayaona nyuma ya turubai. Yanazidi kuwa manjano, na aliyezoea kuulizwa ndiye tunayemzika. Kati yenu wako aliowafundisha. Baada ya mazishi, anayejua lile jani linasema nini, tunamwomba apite shambani atuambie.

Dada yetu, pumzika kwa utulivu.