Vifuko vya Barafu katika Chumba cha Picha za Meno

Mgeni rasmi, daktari mkuu, Bwana Msimamizi, na ninyi mlioketi kwenye foleni mmeshika mashavu, shikamooni na karibuni.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunashukuru umekuja kutuzindulia ukumbi wa kusubiria. Rangi haijakauka vizuri, tafadhali usiegemee ukuta. Sisi ni wafagiaji, wafuaji na wasaidizi wa kliniki hii. Aliyepewa kusoma ni binti anayefagia. Shule ya msingi hakuimaliza, na sauti yake ni ndogo. Wa nyuma mtuvumilie.

TULIKOTOKA

Zamani picha za meno zilipigwa kwa filamu ndogo, kila mgonjwa na yake. Kisha kikaja kidude chenye waya, kinachoingia kinywani na kupeleka picha kwenye kompyuta papo hapo. Tulikipigia makofi. Lakini kidude ni kimoja, na kinapita katika kila kinywa. Hakichemshwi, ukikichemsha umekiua. Kinatakiwa kivalishwe kifuko kipya cha plastiki kwa kila mgonjwa, na kikitoka kifutwe kwa dawa.

TUNAYOJIVUNIA

Foleni yetu huisha kila siku. Hakuna mgonjwa aliyerudi nyumbani bila picha. Tuliambiwa tuyataje haya, tumeyataja.

TAABU ZETU

Chumba cha picha ni cha mama mmoja ambaye wote tunamwita Shangazi. Yeye ndiye anayeweka kidude kinywani na kubonyeza swichi. Vifuko vilipoisha alikwenda stoo, akaambiwa avumilie. Alipokwenda tena akaambiwa anasumbua watu. Ndipo mmoja wetu akaleta vile vifuko virefu vya kugandishia barafu za kuuza. Tukavikata, vikaenea, tukajiona wajanja. Mkasi uliokatia utepe leo ndio tunaovikatia, tumeuosha vizuri.

Kifuko cha barafu kimetengenezwa kushika maji, si kung'atwa. Jino likikibana kinatoboka, na tundu hulioni.

Siku moja Shangazi alichomoa kidude kwa mzee mwenye fizi zinazovuja, akakivua kifuko, akakuta damu ndani. Akakifuta kwa dawa, dawa yenyewe tuliyokwisha kuiongeza maji mpaka haina hata harufu. Akaita anayefuata kama alivyozoea.

Akaingia mdogo wake Shangazi, wa tumbo moja. Shavu lilikuwa limevimba lakini mdomo haukutulia. Alipovalishwa aproni nzito ya risasi, ile ya kukinga mionzi, alimtania dada yake kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kumvalisha nguo ya gharama. Shangazi alitabasamu. Akakishika kidude, akafika nacho mpaka mdomoni, mkono ukagoma.

"Vua, urudi nyumbani," alimwambia. "Humu hupigi picha."

Mlango ulikuwa wazi. Fundi cherehani aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alisikia. Hakupandisha sauti.

"Huyo ni ndugu yako, sawa. Na sisi ni ndugu wa nani, Shangazi?"

Mbele ya macho ya Shangazi walipita wote aliowahi kuwaambia wapanue kidogo, haiumi: wazee, wajawazito, bibi harusi aliyetaka kung'oa jino kabla ya sherehe. Alivua glovu, akatundika aproni, akatoka kuketi kwenye benchi la wagonjwa. Tangu hapo huja kila asubuhi na sare yake iliyopigwa pasi, huketi pale pale, na chumbani haingii. Tukimbembeleza hutuuliza ni yupi kati ya wale anayeumwa homa ya ini sasa, aliyoambukizwa damu ya mwingine kwa mkono wake. Hatujui. Hakuna anayejua, wala atakayejua, na hilo ndilo linalomla.

Bwana Msimamizi amesema asiyefanya kazi hana kazi. Ukishaondoka, Shangazi anafukuzwa.

OMBI LETU

Tulielekezwa tuombe feni na televisheni. Hatuviombi. Tunaomba chumba cha picha kifungwe leo, na ufunguo uondoke nao wewe, mpaka vipatikane vifuko vyake halisi na dawa isiyoongezwa maji. Tunajua foleni itatutukana. Tunajua na sisi tunaweza kurudishwa makwetu. Tunaomba pia Shangazi asifukuzwe kwa kukataa. Waliostahili kufukuzwa ni sisi tulioendelea kumkatia vifuko.

Matumaini hatuna mengi. Risala ya mwaka jana iliomba vifuko hivi hivi, na mgeni wa mwaka jana alitupigia makofi mazuri sana. Nafasi ya Shangazi imeshapata mtu. Amepewa huyu binti anayekusomea. Ni mpole, akiagizwa huitika, na ndiyo maana akachaguliwa. Kesho asubuhi ataingia yeye. Wa kwanza kwenye foleni ataketi, ataegemeza kichwa, atamtazama usoni, na atapanua kinywa kwa sababu amemwamini.

Mungu akufikishe kwako salama, akulindie kinywa chako na vya wanao, visije vikahitaji kupita hapa.

Ni sisi,
Wafagiaji, Wafuaji na Wasaidizi wa Kliniki ya Meno