Mizigo Miwili ya Kwenda Isikizya

Sogezeni vigoda, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki ukutani. Raymundi, kaa upande wa dirisha. Apolinaria, binti yangu, acha kunipepea, upepo huu unatosha. Nawe mkwe wangu Eustadia, usisimame mlangoni kwa heshima. Leo nimekuruhusu ukae mbele yangu, kaa hapo mkekani na usikilize. Mwanamkuu binti Abbasi, jirani yetu wa ukuta mmoja, ndiye shahidi wa maneno haya, kwa sababu yeye hasali nasi wala hana upande katika jambo nitakalolisema.

Mimi ni Nikolaus Lugembe, mzaliwa wa Isikizya, mkazi wa Gongoni hapa Tabora, niliyekuwa karani wa baraza mpaka macho yakanistaafisha. Nalitaja jina langu lote kwa sababu barazani nilijifunza kwamba mtu akiandikwa nusu ya jina, na haki yake husikilizwa nusu.

Mali nitaimaliza upesi. Shamba la Isikizya ni la Raymundi, pamoja na mizinga ya nyuki na ng'ombe waliopo. Nyumba hii ya Gongoni ni ya Apolinaria, akae na wanawe, lakini chumba cha mbele na baraza yake ni mahali pa kukutania chama cha kina mama wa parokia, kama alivyopaacha marehemu mama yenu, Veneranda, na asije mtu akakipangisha kwa muuza duka. Cherehani yake isitoke chumbani humo.

Sasa nasema lile lililonifanya niwaite mchana huu nikiwa bado na akili zangu. Chama chenyewe si mali yangu, siwezi kumrithisha mtu. Mama yenu alikianzisha vita vilipokwisha, akiwa na wanawake wa Chemchem na wa hapa Gongoni ambao hata majina hawakuwa wakijuana, kila mmoja akiitwa mama fulani au mke wa fulani, na leo ninyi wawili, binti yangu na mkwe wangu, mnataka kukikata katikati kama doti ya kanga. Sikukuu ya parokia iliyopita kila mmoja aliita kina mama kwake kwa siku ileile. Apolinaria aliwaita hapa kwenye kufuma na kuoka mikate, kama alivyofundishwa na yule bibi Mzungu wa Idara ya Maendeleo. Eustadia aliwaita Chemchem, kwenye matembezi ya mizigo ya mama yenu. Wakasimama njia panda na vikapu vyao, hawajui waende wapi, na wengi wakarudi nyumbani wakapike. Jioni mlipokutana hapa, nikawasikia kwa masikio yangu barazani pale. Apolinaria ukasema, "Wapagazi walikwisha zamani, wifi, siku hizi kuna reli." Na wewe Eustadia ukamjibu, "Basi reli ikikufikisha Dodoma, wifi, huko utamfumia nani soksi?" Nilicheka, sikatai. Lakini tangu siku ile hamjasalimiana, na kila mmoja ana wanawake wake, na mke wa katekista hajui akae upande gani kanisani.

Kwa hiyo nisikilizeni niwaambie matembezi yale yalitoka wapi, kwa maana mmoja wenu anayadharau na mwingine anayapenda, na wote wawili hamyajui vizuri.

Mama yangu mzazi, Kashindye, alikwenda pwani kwa miguu akiwa bibi arusi, akifuatana na baba yangu katika msafara wa pembe za ndovu. Watu husimulia habari za wapagazi wanaume, lakini wake zao walikuwamo, wamebeba vyungu, mikeka na mtama wa njiani. Alinieleza kwamba wawili wakigombana kambini, kirangozi, yaani yule mkuu wa msafara aliyetangulia mbele, hakuwaamua. Asubuhi aliwaamuru wabadilishane mizigo, na asiufungue mtu mzigo wa mwenzake mpaka kambi ya pili. Basi. Walikwenda kutwa nzima, kila mmoja akijua shingoni mwake mwenziwe anabeba nini kila siku, na jioni wengi wao hawakukumbuka tena walichogombania.

Nilimsimulia Veneranda jambo hili tukiwa tunabangua karanga. Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kina mama akawaambia kwamba mwaka ule, baada ya mavuno, watatembea njia ya zamani ya misafara kutoka Chemchem mpaka Isikizya, kila mmoja na mzigo wa chakula kichwani kwa ajili ya wajane wa huko, na wenye ugomvi watabadilishana. Padre wa wakati ule alishtuka, akauliza kama hayo ni mambo ya kikristo. Veneranda akamwambia, "Baba, njoo utembee nasi, ukichoka utatuambia." Akaja, na akachoka kabla yetu.

Mkwe wangu, mama yako Skolastika binti Ngollo alikuwamo siku ile, na alikuwa na ugomvi na Veneranda kuhusu zamu ya kufua nguo za altare. Kwa kuwa alijua mzigo wake utabebwa na Veneranda, alifunga ndani ya mzigo huo jiwe la kusagia, akalizungushia mtama lisionekane. Wanawake waliona jinsi shingo ya Veneranda ilivyozama. Njiani Skolastika aliona haya, akamwomba warudishiane, Veneranda akakataa, akamwambia, "Huu ni wangu mpaka Isikizya." Walipofika na kufungua mbele ya wote, na jiwe likatoka, Veneranda alilitazama akasema, "Afadhali umelileta, mwenzangu, huku wajane wanasagia la kuazima." Akapiga magoti akasaga mtama palepale, na mama yako akapiga magoti upande wa pili. Jiwe lile liko shambani kwetu mpaka leo. Ndilo lililofanya mama yako aanze kuja nyumbani kwetu akiwa na wewe mgongoni, na ndilo, ukitaka kusema kweli, lililokuozesha kwa Raymundi.

Lakini, Eustadia, usidhani nimekupa ushindi. Mama yenu hakuwa mtu wa jambo moja. Kulikuwa na siku ya mbegu, kila mwanamke akija na mbegu iliyomstawia na kutaja kwa jina lote aliyempa. Kulikuwa na siku ya kusuka nywele za wagonjwa hospitalini, maana alisema mgonjwa hutembelewa na wengi na huguswa na wachache. Mwanamkuu huyu aliwafundisha kusuka ukili wa mikeka, nao wakaenda kwake Idi wakampikia wageni wake. Na kulikuwa na Jumapili ya wanaume jikoni, kina mama wakikaa barazani na kuonja. Raymundi mwanangu, ugali wako wa siku ile mbuzi waliunusa wakaenda zao, na Mwanamkuu, uliyealikwa kuamua, ulisema nini? Anacheka. Alisema, "Huu si wa kula, huu ni wa kuzibia ukuta."

Angekuwa hai leo angezichukua sindano za kufumia za Apolinaria kwa mikono miwili. Angeuliza tu sweta hizo anavalishwa nani, maana hapa kwetu baridi ya asubuhi huwapata wachanga kwanza, na wale wanaozaliwa kabla ya siku zao hufia kwenye kanga nyepesi. Hapo ndipo ufumaji wako, binti yangu, ungekuwa na pa kwenda.

Shikeni hivi mkipanga mambo ya chama. Anzeni na kile ambacho mikono ya wanawake inakijua tayari, ndipo mwongeze cha kigeni. Asiyependa kusema mbele za watu apewe kazi ya mkono mapema, kabla hajapata nafasi ya kujificha nyuma. Padre aseme mwisho, akisema mwanzo watu hulala. Mtu asirudi nyumbani mikono mitupu, hata kama ni mbegu kiganjani. Na kila mwanamke aitwe kwa jina lake, lake mwenyewe.

Unasemaje, Mwanamkuu? Anasema nitakufa nikiwa napanga ratiba. Ni kweli, na ratiba iliyobaki ni ya maziko yangu.

Nizikwe Isikizya kando ya Veneranda. Raymundi, najua umeshazungumza na Shaban mwenye lori, na sikulaumu. Lori libebe jeneza na wazee, lakini lije nyuma, kwa mwendo wa kina mama, na Shaban asipige honi. Kina mama watangulie kwa miguu kutoka Chemchem, wote, wa kufuma na wa kutembea, na mizigo ya chakula cha matanga vichwani. Penye kisima cha njiani wapumzike, na wataje wenzao waliotangulia mbele za Mungu, waanze na Veneranda na Skolastika. Matanga yakiisha, kaeni kwenye jiwe lile mpange mwaka unaofuata, siku moja, mahali pamoja. Nani awe mwenyekiti, kina mama watachagua wenyewe. Msilitumie jina langu katika uchaguzi wao.

Maji kidogo. Asante, Raymundi.

Jana niliwatumia habari kila mmoja peke yake, afunge mzigo atakaoupeleka Isikizya siku nitakapoondoka. Yote miwili iko pale pembeni, imefungwa mikekani, na kila mmoja wenu alidhani ni yeye tu aliyeambiwa. Sasa simameni. Apolinaria, wako ni ule wa Eustadia. Eustadia, wako ni ule wa binti yangu. Msifungue. Kama mna mawe humo, mtakutana nayo Isikizya.

Najua ni mizito, nimesikia ilivyotuliwa. Hakuna kati yenu awezaye kujitwika peke yake, hata wapagazi hawakuweza. Raymundi, kaa chini, sikukuita wewe. Eustadia, mtwishe wifi yako.

Ngata ya kichwani iko wapi? Haya. Iweke katikati.

Pumzi inanikatika, kwa hiyo nawabariki huku mkiwa mmesimama, inafaa hivyo. Mungu wa mama yenu awe mbele yenu njiani na nyuma yenu. Raymundi, ardhi ikutii. Apolinaria, mikono yako isikose wa kumvisha. Eustadia, mkwe wangu, mwanangu, miguu yako isichoke. Mwanamkuu, jirani, radhi yangu unayo, nami naiomba yako.

Inua sasa. Polepole. Nyote wawili, mikono juu.

Nani amesema? Ni wewe, Eustadia? "Mzigo umekaa, wifi?" Ndivyo ulivyosema. Na yeye amejibu. "Bado. Vuta kushoto."

Masikio yangu... Semeni tena, wanangu. Sikusikia vizuri.