Panya Elfu Kumi na Tisa wa Bwana Abid

Ijumaa tarehe 26 Septemba 2025, saa kumi jioni, Bwana Abid Abdulhussein atavua aproni yake ya kijani, ataitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe, na Jumatatu hatairudia. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba na nusu katika karakana yetu hapa North York, tunakotengeneza vyambo bandia vya kuvulia samaki. Katika muda huo amechonga kwa mkono panya wa mti zaidi ya elfu kumi na tisa. Sijui kama yuko mtu mwingine mjini Toronto anayeweza kudai hivyo, na sidhani wako wengi wanaotamani.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Cherotich, mkaguzi wa vyambo. Bwana Abid aliomba uandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya benchi letu tangu siku ya kwanza. Watoto wetu, ambao huelewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza, wageuze karatasi wasome tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Laiba wa chumba cha rangi, mzaliwa wa Lahore, hahitaji kugeuza. Miaka sita ya kukaa nasi imemfunza hata kutusengenya kwa Kiswahili fasaha.

Bwana Abid alizaliwa Singida, mtoto wa muuza duka, na ufundi wake wa kwanza ulikuwa wa saa. Alifika Toronto na mkewe, Bi Masuma, wakapanga ghorofa ya tisa kule Crescent Town. Machi 1998 marehemu Bwana Almas, mwanzilishi wa karakana hii, alimwajiri kupanga bidhaa kwenye maboksi. Fundi saa kufungasha maboksi si jambo dogo kwa mwenye kiburi, lakini yeye alifungasha miaka mitatu bila kununa. Bi Roshan, mjane wa Bwana Almas na mkurugenzi wetu wa sasa, anasema maboksi ya siku zile yalifungwa vizuri hata wateja wakaona haya kuyachana.

Panya wa kwanza alitokea nyumbani kwa Bwana Abid. Siku moja mwaka 2001 panya halisi alitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki. Bi Masuma alikuwa juu ya kiti, akitaka jambo limalizwe haraka. Mumewe akavuta kiti kingine, akakaa, akamtazama panya anavyoogelea. Aliona kichwa kimeinuliwa, mgongo umezama nusu, mkia umenyooka nyuma, na yule mnyama alikuwa akipiga miguu kidogo, anapumzika, anatetemeka, halafu anaanza tena. Alimtazama kwa dakika ishirini. Bi Masuma anasema hizo ndizo dakika ndefu kuliko zote katika ndoa yao, na bado hajasamehe zote.

Kesho yake akamletea Bwana Almas panya wa mti wa mwerezi, mwenye mkia wa ngozi ya mkanda mkuukuu na ndoana chini ya tumbo. Bwana Almas alicheka mpaka akakaa chini. Wakati ule tulikuwa tukitengeneza vyura na visamaki tu, na nani angenunua panya? Jumapili wakaenda kumjaribu ziwani. Jumatatu Bwana Abid akapewa benchi, kisu na karai la maji la kujaribia, na maboksi akaachiwa mwingine.

Kwa wageni watakaosoma karatasi hii, nieleze kidogo. Katika maziwa ya huku kuna samaki anayeitwa besi, mwenye mdomo mpana na hasira za karibu. Wakati wa joto hujificha chini ya mayungiyungi karibu na ukingo, na kila kiumbe kinachoanguka majini hukiona chakula. Mvuvi hurusha panya kando ya majani, anangoja viwimbi vitulie, kisha anatikisa ncha ya ufito wa kuvulia kidogo sana ili panya aonekane amechoka na ameogopa. Hapo ndipo penye kazi. Wengi wetu tunatikisa kupita kiasi, na panya wetu anaonekana kama anacheza ngoma. Besi si mjinga.

Halafu kuna kosa kubwa zaidi. Besi akimrukia panya, maji hupasuka kwa kishindo, na mtu yeyote mwenye moyo huvuta mshipi papo hapo. Panya hurudi hewani peke yake, na samaki hubaki na maji mdomoni. Dawa ya Bwana Abid ni moja: usivute mpaka utoe salawati moja kamili, isiyokimbizwa. Ikiisha, samaki atakuwa amefunga mdomo na kugeuka, na utausikia uzito wake mkononi. Wateja kutoka msikitini kwake waliishika hesabu hiyo upesi. Sisi wengine tulipata taabu. Mimi, Mkristo wa Kericho, nilianza na "Bwana asifiwe", ikawa fupi mno. Nikaamua kusali Baba Yetu. Nilipofika "utupe leo riziki yetu", riziki yenyewe ilikuwa imeshatema panya na kwenda zake. Bwana Abid alifikiri kwa makini, kama ambavyo angefikiria saa iliyochelewa, akaniambia niishie kwenye "jina lako litukuzwe". Tangu hapo navua vizuri.

Hivyo ndivyo alivyo. Hajawahi kumcheka mtu asiyejua, wala kumpa jibu lisilomfaa. Wateja walimpigia simu kutoka mtaa jirani wa Jane na Finch hadi mikoa ya mbali kuuliza panya gani wa kutumia maji yakiwa na tope, naye alijibu kila mmoja kana kwamba ndiye wa kwanza kuuliza. Kambare hamli, kwa sababu dini yake inataka samaki mwenye magamba, lakini alimfundisha mteja mmoja namna ya kumvua kambare kwa ustadi uleule, kisha akamtakia mlo mwema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimemwomba ruhusa kuliandika. Amenipa, kwa sharti nisilipambe.

Majira ya baridi ya mwaka 2022 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Hakusema. Aliuweka mfukoni mwa aproni, akaanza kujimiminia chai nusu kikombe. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na panya wake ndio waliolia. Mimi ndiye ninayewakagua kwenye karai. Niliona mmoja anaegemea upande, mwingine sharubu zake zimepinda. Nikaanza kufika mapema asubuhi, nakaa kwenye benchi lake, nawasawazisha kwa msasa na kuwachora sharubu upya kabla hajaingia. Nilifanya hivyo miezi mitano, nikajiona mwerevu na mwema.

Asubuhi moja basi lake liliwahi. Akanikuta nimeshika kisu chake. Alisimama mlangoni, akaweka kibebeo chake cha chakula, akaenda kuchemsha maji. Siku nane hakunisemesha ila salamu, na nilistahili. Siku ya tisa nilikuta kigoda kipya kimewekwa kando ya kigoda chake, na mbele yake kipande cha mwerezi na kisu kidogo kilichonolewa. Nikakaa. Hatukuzungumza juu ya mkono siku ile wala mwezi ule. Aliniambia tu kwamba shingo ya panya huchongwa mwisho. Yote ninayoyajua kuhusu panya nimeyajua kwenye kigoda hicho, na bado najuta kwamba sikumuuliza kwanza.

Juni mwaka huu daktari alimwambia aache visu. Bi Roshan alimpa kazi ya simu na wateja, akakataa kwa adabu. Barua yake ya kustaafu ilikuwa na mistari miwili. Kilichotuuma zaidi ni kwamba aliacha na kuvua. Alisema mkono usioweza kutulia hauna kazi ziwani. Julai akaniletea fito zake mbili za kuvulia, zimefungwa pamoja kwa uzi, na kikaratasi: "Za Cherotich. Kwangu hazina kazi tena." Nilizisimamisha nyuma ya mlango wangu, nikashindwa kuzitazama. Wiki hiyohiyo Bi Masuma akanipigia simu. Alisema, "Mwanangu, huyu mtu anashinda dirishani na mkono wake ameukalia. Mtoeni nje."

Basi Agosti, siku ya mandari ya karakana huko Ziwa Scugog, tulimtoa. Alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na maji, amevaa koti mchana wa jua, mkono mfukoni. Tulimkumbusha kwamba ametimiza miaka sitini na sita, haulizwi tena leseni ya kuvua, na kuiacha neema kama hiyo ni kukufuru. Akafunga kifungo cha juu cha koti.

Nilikuwa nimekuja na panya mmoja. Ndiye wa mwisho aliyemchonga peke yake, mwenye sharubu zilizopinda, ambaye sikumrekebisha wala kumuuza. Nilimfunga kwenye ufito wake mmoja, nikamrusha kando ya mayungiyungi, kisha nikamsukumia Bwana Abid ufito mkononi nikisema nyama inaungua. Nyama haikuwa inaungua. Laiba alikuwa ameisimamia.

Alibaki ameushika, hana la kufanya. Viwimbi vilitulia. Hakutikisa, kwani hakuwa na nia ya kuvua. Lakini mkono wake haukuweza kutulia, na mtetemo ule ukapanda kwenye ufito, ukapita kwenye mshipi, ukamfikia panya. Kule kando ya majani panya alianza kutetemeka. Alitetemeka kidogo, akapumzika, akatetemeka tena, mdogo na mwoga, kama yule wa kwenye ndoo. Kwa miaka yote hii hakuna kati yetu, hata Bwana Abid mwenyewe enzi za mkono wake mzima, aliyewahi kumfanya panya aogelee vile. Bi Masuma aliacha kumenya machungwa.

Maji yakapasuka. Sote, mafundi wa chambo wenye uzoefu wa miaka na miaka, tukapiga kelele avute. Yeye hakuvuta. Tuliiona midomo yake inasogea, taratibu, neno kwa neno, mpaka mwisho. Ndipo akavuta.

Yule besi alikuwa na urefu wa dhiraa na ushee, na alitoka majini mzima, anapiga mkia, kama dini yao inavyotaka, kwa hiyo Bi Masuma alimkaanga kwa ndimu na dhamiri safi. Bwana Abid hakumtazama sana samaki. Aliutazama mkono wake, akaugeuza juu na chini, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe umepata kazi nyingine." Bi Roshan alikwenda kutafuta kitu garini kwa muda mrefu. Mimi nililia palepale, sioni sababu ya kuficha.

Bwana Abid, benchi lako nitalikalia mimi kuanzia Jumatatu, na kigoda cha pili kitabaki palepale, siku yoyote utakayopita. Tunakushukuru kwa panya wote, kwa chai, na kwa zile siku nane za ukimya, ambazo zilinifundisha kuliko mengi uliyosema. Wewe na Bi Masuma tunawatakia afya, maji matulivu na asubuhi zisizo na haraka.

Ukitoka leo, tazama nyuma ya mlango wa karakana. Fito zako mbili ziko hapo, zimefungwa kwa uzi uleule. Kikaratasi nimekibadilisha. Kimeandikwa: "Za Abid. Zina kazi."