Gari Lililozimika Langoni kwa Mama Mkwe

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, dereva wetu Gia Mbili atarudisha ufunguo wa gari la Idara ya Hifadhi ya Udongo na Maji, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jina hilo alilipata kwa kuwa hakuwahi kushuka mlima kwa gia ya tatu, hata siku mkurugenzi alipokuwa anachelewa harusi yake mwenyewe.

Aliajiriwa kutupeleka vijijini, si kutufundisha. Lakini alisikia masomo yetu miaka yote hiyo huku akijifanya amelalia usukani, mwisho akayajua kuliko wenye vyeti. Mtaalamu mmoja aliposahau vipimo vya mtaro mbele ya wakulima, sauti ilitoka dirishani mwa gari: sentimita sitini kwenda chini, sitini upana, udongo utupwe upande wa juu. Mtaalamu huyo ni mimi.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa magumu. Yeye anakaa chini ya mteremko, mama mkwe wake juu. Mama alipenda usafi: alifagia uwanja kila asubuhi hadi udongo ukabaki mtupu, na majani yote akayachoma. Mvua ikinyesha, maji ya bati na uwanja wake yalishuka kwa mkwewe mbio. Msimu mmoja yalibeba tuta zima la mchicha. Uliofuata yakafukua msingi wa jiko hadi mkono ukapita chini ya ukuta. Mkewe alimsihi akaseme na mama. Gia Mbili akajibu kwamba kumkosoa mkurugenzi anaweza, mama mkwe hapana.

Ndipo gari likaanza kuugua. Kila tulipopita njia ya kwao lilizimika, na daima langoni kwa yule mama. Gia Mbili alifunua boneti, akatikisa kichwa, akatuomba tukapumzike barazani. Mara ya tatu, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kumweleza mwenyeji wetu jinsi ya kuziba korongo lililochimbika uani kwake. Nilipofika kwenye mitaro ya makinga maji tu, gari likawaka.

Miezi miwili baadaye mama alikuwa na mitaro mitatu iliyokinga maji mteremkoni, majani ya tembo ya kushika udongo kwenye kingo, na pipa chini ya bati. Majani aliyokuwa akichoma sasa aliyatandaza kwenye migomba. Mvua kubwa ilipokuja, Gia Mbili alisimama mlangoni mwa jiko lake, jembe mkononi, akiyasubiri maji. Hayakuja. Mkewe anasema alikaa pale hadi mvua ikakatika, macho yamelowa, akisingizia moshi.

Kwenye maonyesho ya wakulima mama alipewa cheti cha shamba bora la nyumbani. Alipoulizwa nani alimfundisha, alinitaja mimi, nami nikavimba kichwa. Kisha akamgeukia mkwewe, akasema kwa upole:

“Mkwe wangu, siku nyingine njoo useme tu. Mara zote tatu nilikuona ukilizima gari mwenyewe.”

Gia Mbili aliinama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote, akalikagua hadi watu wakatawanyika.

Asante, ndugu yetu, kwa kutufikisha salama, na kwa kutupeleka tulikohitajika hata tulipodhani gari limeharibika. Tunakuombea mvua za kutosha, na kila tone likae shambani kwako.