Mama Pima na Pikipiki Iliyoandikiwa Kufa

Wasikilizaji wapendwa, sogeza kiti karibu na redio, punguza moto wa jiko kama umebandika kitu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa mbishi. Mbishi kwelikweli. Alikuwa fundi pikipiki, na wateja wake walimwita Mama Pima. Amefariki Jumatatu iliyopita akiwa na miaka sitini na mitatu. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mama Pima, fundi pikipiki, amefariki Jumatatu.

Jina hilo alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimpelekea pikipiki na kumwambia, "Fundi, nibadilishie plagi," anakujibu, "Tupime kwanza." Ukisema betri imekwisha, "Tupime kwanza." Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, ananiambia hata nyumbani ilikuwa hivyohivyo. "Nikisema nina homa, ananiletea kipimajoto kabla ya pole."

Walipanga fremu mbili za biashara zilizopakana. Upande huu cherehani, upande ule pikipiki, katikati ukuta wa mabati wenye tundu la kupitishia chai. Mume alimshonea mkewe ovaroli tisa katika ndoa yao. Tisa, wasikilizaji. Ya kwanza aliishona wakati wanaume wa mtaa huo bado wanapita mlangoni na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" huku wanamtazama usoni. Yeye anawajibu, "Unamtazama." Kama bado hawaamini, anaendelea na kazi yake.

Ujuzi wake ulikuwa wa kabureta. Kabureta aliifungua na kuifunga huku anapiga soga. Halafu zikaja hizi pikipiki za sindano, ambazo petroli hupulizwa ndani ya injini kwa amri ya kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti. Mafundi wenzake wakanawa mikono. "Hizi peleka duka kubwa," wakawa wanasema. Wateja wakaanza kupungua. Mama Pima naye aliipokea moja, akachokonoa waya asioujua, akaiunguza fyuzi kuu, na mwenye pikipiki akaondoka amenuna, asirudi tena. Mumewe anakumbuka: "Siku hiyo hakula. Kesho yake akaenda kununua mita ya kupimia umeme, ile ya bei ya chini kabisa, akaja nayo hapa kwangu. Akasema, nisomee maandishi haya madogo, sitaki kuaibika mara mbili."

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Kulikuwa na mkunga wa zahanati aliyezungukia vijiji vya mlimani kwa pikipiki. Pikipiki ya sindano. Alipima wajawazito, alizalisha, alichanja watoto. Pikipiki yake ikaanza kukohoa. Inaungurumia mahali pamoja, inashtuka, inazima. Taa ya manjano ya kwenye dashibodi inawaka. Mkunga akaipeleka duka kubwa la pikipiki mjini. Wakabadilisha sensa ya hewa, kifaa kinachoiambia kompyuta hewa ni kiasi gani. Ikakohoa vilevile. Basi wakaandika ripoti: kompyuta imekufa, kuinunua mpya hakuna faida, pikipiki iuzwe kama chuma chakavu.

Ripoti ikafika ofisi ya afya. Ofisi ya afya ikajibu kwa barua: pikipiki irudishwe Ijumaa, mkunga abaki zahanati, wajawazito wa mlimani washuke wenyewe.

Washuke wenyewe. Mwenye mimba ya miezi tisa, ashuke mlima kwa miguu.

Jumanne asubuhi mkunga akaisukuma ile pikipiki hadi kwa Mama Pima. Alikuwa na akiba kidogo mfukoni, na hakuficha.

"Dada, mimi sina cha kukupa zaidi ya hiki."

"Nani kakuambia kompyuta imekufa?"

"Duka."

"Waliipima?"

"Ripoti haisemi."

"Basi tupime kwanza," akasema Mama Pima.

Akaanza na vitu vya bure. Alipima betri: nzima. Akafungua plagi na kuitazama rangi: haina neno. Akamwaga petroli kidogo ndani ya chupa ya kioo na kuisimamisha juani, aone kama kuna maji chini. Maji hayakuwepo, ila uchafu ulikuwepo. Akasafisha tangi, akasafisha na chujio. Akawasha. Injini ikatulia. Mkunga akacheka, akavaa kofia yake ya chuma, akaondoka.

Baada ya nusu saa, huyo anarudi. Kwa miguu, anasukuma, jasho linamchuruzika.

Wasikilizaji wapendwa, hapo fundi mwingine angesema, "Dada, duka walikuwa sahihi." Mafundi wa jirani walishaanza kutabasamu. Mmoja akapaza sauti, "Mama, kompyuta si sufuria, haiponi kwa kusuguliwa!" Wakaangua kicheko. Mama Pima alihisi masikio yanamwaka moto. Baadaye alimwambia mumewe kwamba nusura airudishe. Nusura. Ila alipomtazama mkunga amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajipepea kwa barua ya ofisi ya afya, hasira yake ikahama. Iliacha kuwa hasira ya kuchekwa, ikawa hasira ya barua ile.

Akavuta ndoo nyingine, akaketi mbele yake. "Nimekosea," akasema. "Niliiuliza pikipiki, sikukuuliza wewe. Hii unaiendesha kila siku. Niambie inazimia wapi."

"Kwenye kona ya kisimani. Na leo hapo kwenye mzunguko."

"Ukiwa unakata upande gani?"

Mkunga akafumba macho, akanyoosha mikono kana kwamba ameshika usukani. Akaipinda taratibu. "Kushoto," akasema. "Dada, ni kushoto. Mara zote!"

Duka kubwa hawakuwahi kumuuliza.

Mama Pima akasimama. Akawasha swichi, akahesabu kwa kidole jinsi ile taa ya manjano inavyopepesa, maana kila idadi ina maana yake. Idadi ilikuwa ileile ya sensa ya hewa. "Taa inasema panapouma," akamwambia mkunga. "Haisemi kwa nini panauma. Wao wamebadilisha sensa. Nani ameutazama waya?"

Akamwita mumewe kutoka kwenye cherehani. Mzee wa watu akaja na futi yake ya kupimia shingoni. Mkewe akachomoa soketi ya sensa na soketi ya kompyuta, akashika ncha moja ya mita upande mmoja wa waya, mume akashika nyingine upande wa pili. Namba ikaonekana, maana yake waya unapitisha umeme. Kisha mkunga akaambiwa ageuze usukani kulia. Namba ipo. Ageuze kushoto.

Mume anasimulia: "Namba ikapotea. Nikasema, mke wangu, imezimika! Akaniambia, usitikisike wewe. Mkunga akarudisha, namba ikaja. Akageuza tena, ikapotea. Mke wangu akapiga kelele mpaka mteja wangu ndani akajichoma pini."

Walipasua mkanda mweusi uliofunika waya pale shingoni mwa pikipiki. Kwa nje waya ulikuwa mzima, umenyooka. Ndani shaba ilikatika na kuota kutu ya kijani, kwa kukunjwa kila usukani unapogeuzwa. Mama Pima akaunga kipande cha waya kilichobaki kwenye redio mbovu, akakilehemu, akakifunga, akaupitisha waya mahali usipobanwa tena. Kazi yote ilimgharimu mkunga chini ya bei ya chakula cha mchana.

Basi, kisa hakijaisha. Pikipiki imepona, ila ripoti bado inasema imekufa. Na ofisi ya afya inaamini karatasi.

Alhamisi asubuhi duka kubwa lilipofungua milango ya vioo, wanawake wawili waliingia juu ya pikipiki moja. Mkunga mbele, Mama Pima nyuma na ovaroli yake. Wakasimama katikati ya pikipiki mpya zinazong'aa, injini inanguruma bila kukosa pigo. Meneja akaja mbio.

"Mama, hairuhusiwi kuwasha humu ndani!"

"Ninyi mmeandika hii haiwezi kuwaka popote."

"Zima, mama, moshi huo! Wateja wanakohoa!"

"Nitazima ukishika kalamu."

Akageuza usukani kushoto. Akageuza kulia. Kushoto tena. Watu wakasogea. Mzee mmoja aliyekuja kununua pikipiki akamuuliza meneja kwa upole, "Kwani hapa mnaponya au mnazika?" Meneja akashika kalamu. Ripoti ya kwanza ikafutwa, mpya ikaandikwa: kompyuta ni nzima, hitilafu ilikuwa waya. Mama Pima akaisoma neno kwa neno, akaomba na muhuri. Ndipo akazima.

Ijumaa mkunga hakurudisha pikipiki. Alipeleka ripoti ile, kisha akapanda mlimani. Jumamosi, katika kijiji cha juu kabisa, alizalisha mapacha.

Baada ya hapo, pikipiki za sindano zilipanga foleni kwenye ile fremu ya mabati. Hata waliomcheka walikuja kuuliza, na aliwaonyesha, kwa masimango kidogo. Malaika hakuwa.

Miaka miwili iliyopita mikono yake ikaanza kutetemeka. Daktari akamwambia apumzike. Akamjibu, "Mikono ipumzike, mimi nina kazi." Akamwita mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye ni msusi. Mkwe ananieleza: "Aliniambia, mwanangu, wewe unatenganisha nywele moja moja, waya zitakushinda nini? Alikaa kwenye kiti mlangoni, ananifokea. Nikisema nafikiri ni injekta, ile sindano ya petroli, ananiambia hajaniuliza ninachofikiri. Nililia mara nyingi. Ila kila nilipopata jibu, alijipigia makofi kwa mikono ile inayotetemeka."

Jumatatu moyo wake ulisimama. Jumatano tukamzika. Mkunga alikuja na ile pikipiki, na nyuma yake wakaja akina mama wa mlimani, wengi wao na watoto mgongoni.

Alhamisi saa mbili asubuhi, mkwe alifungua mlango wa fremu. Ndugu walimwambia msiba bado mbichi, akae ndani. Akavaa ovaroli ya mama mkwe wake, akaikunja miguu maana ilikuwa ndefu, akatoka. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye haraka. Akachungulia ndani, akauliza kama fundi yupo.

"Nipo, kaka. Inasumbua nini?"

Kwa mume aliyebaki na cherehani yake, kwa watoto, kwa mkwe na kwa mkunga: poleni sana. Kipindi hiki kinalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayenisikiliza, huenda kuna kazi uliyoambiwa si ya mtu kama wewe. Umeambiwa na watu wazima, wenye ofisi na mihuri. Ifikirie leo. Kama mikono yako inaiweza, usiwaombe ruhusa. Kafungue mlango, watakukuta kazini.