Namba Kumi na Nne Anachezaje?

Mbele ya kibanda cha magazeti, mkabala na ukumbi wa michezo, kuna benchi la mbao lenye miguu ya chuma, na chuma hicho Radojica alikimimina kwa mikono yake zamani, kiwanda kilipokuwa bado kinatoa moshi. Kila asubuhi saa tatu alifika hapo na themosi yake ya kahawa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Termos. Wa pili kufika alikuwa Vukoman, aliyechezesha ligi ya vijana kwa miaka kumi na tisa, naye waliishia kumwita Filimbi. Wa mwisho alikuwa Milunka, muuza pilipili hoho wa sokoni, aliyeandika kila pointi ya timu kwenye daftari la shule na kuigawanya mpaka itoe mkia. Huyo alikuwa Desimali. Kazi iliyowaleta ilikuwa moja tu: kuijadili Čekić, timu yao ya mpira wa kikapu. Jina hilo maana yake ni nyundo, ingawa mwaka huo iliyokuwa ikigongwa ni yenyewe.

Alhamisi hiyo ya mwezi wa nne mambo yalikuwa mabaya kuliko kawaida. Mechi ishirini na moja zilikwisha chezwa na Čekić ilikuwa imeshinda nne. Ilibaki moja, Jumamosi saa kumi na moja jioni, nyumbani, dhidi ya Vihor, ambao nao walikuwa wameshinda nne. Atakayefungwa anashuka daraja. Na mji ule ulijua maana ya kushuka: timu yao ya mpira wa miguu ilishuka miaka minane nyuma, na leo uwanjani kwake wanachunga kondoo.

Desimali ndiye aliyeanza. Alisema kosa ni la kikapu cha upande wa kaskazini, ambacho kimeshuka vidole viwili tangu walipotengeneza dari, na kwamba upande ule Čekić inakosa mara sitini na moja nukta nne kwa kila mia.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema. Sisi tumesajili warefu watupu. Nani atainama?

Filimbi alimsikiliza kwa huruma. Kikapu hakina neno, alisema, kinachotuua ni kaptula. Klabu imebadilisha sabuni ya kufulia, kaptula zimerudi zikabana, na mwanamume aliyebanwa mapaja hawezi kumzuia mtu. Tena si mapaja tu; damu ikikosa kushuka miguuni hupanda kichwani, ndiyo maana wachezaji wanakasirika ovyo na kuchezewa akili. Termos akamuuliza kama wiki iliyopita hawakuonewa na refa, maana mji mzima ulisikia redioni. Filimbi akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Refa hakosei, alisema. Refa huona jambo kabla halijatokea.

— Mwenda pole hajikwai, aliongeza.

— Ndiyo maana sisi hatujikwai, Desimali akajibu. Tunafungwa tukiwa wima.

Termos aliwamiminia kahawa na hakucheka. Yeye pia alikuwa na nadharia, ya zamani kuliko zao, na alikuwa ameibeba miaka miwili kama jiwe kwenye figo. Siku nyingine angeendelea kuibeba. Lakini zilibaki siku mbili tu, na alihisi kwamba timu ikishuka akiwa bado amenyamaza, basi atakuwa amewafanyia ubaya mara mbili.

— Ni mimi, alisema.

— Wewe nini?

— Ninayewafungisha. Mimi ndiye nuksi.

Akawaeleza yote. Miaka miwili nyuma alikwenda ukumbini mechi nne mfululizo, na zote nne Čekić ikafungwa. Mechi ya tano jino lilimuuma, akabaki nyumbani na kitambaa cha pombe kali shavuni, na vijana wakashinda kwa pointi kumi na tisa. Kuanzia hapo hakukanyaga tena ukumbini. Siku za mechi alikaa jikoni na redio, na mwanzoni hata redio aliiweka sauti ya chini, asije akawafikia kwa njia ya waya. Hakuna aliyemlazimisha. Alijitoa mhanga, na kwa miaka miwili alikuwa akisubiri mtu mmoja tu ajue.

Alidhani watamshika bega. Badala yake wakaudhika.

Filimbi alisema nuksi ya mtu mmoja na jino lake haiwezi kuangusha timu nzima. Ya kwake yeye Filimbi, ndiyo. Msimu uliopita alikwenda ukumbini na filimbi yake ya zamani mfukoni, kwa mapenzi tu, na mchezaji wa Vihor alipokanyaga mstari mkono ukaenda wenyewe. Akapuliza. Vijana wa Čekić wote watano wakasimama wakidhani ni refa, Vihor wakaokota mpira na kufunga. Tangu siku hiyo wamepoteza imani na sauti yoyote. Hata hawa wapya ambao hawakuwepo wameambukizwa na wenzao. Ndiyo maana haendi.

Hapo Desimali akafungua daftari. Kwa hesabu zake, kuwepo kwake ukumbini kuliigharimu timu pointi sita nukta nne kila mechi, kwa kuwa hupiga kelele wakati wa mipira ya adhabu. Amejizuia kwa kula mkate, amejizuia kwa skafu mdomoni, imeshindikana. Basi Jumamosi hubaki sokoni na pilipili zake na redio mpaka mechi iishe.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema. Nisipokuwepo, na nuksi yangu haipo. Wahenga walishamaliza.

Wakabishana robo saa nzima juu ya nani kati yao ameiumiza timu zaidi, na kila mmoja alikuwa tayari kugombana kabla ya kuachia nafasi ya kwanza. Filimbi alikwishafika mahali pa kusema pumzi yake ya siku ile bado inazunguka ndani ya ukumbi kwa sababu madirisha hayafunguki, ndipo mwanamke mmoja aliposimama mbele yao akauliza kama lile jengo ndilo wanalochezea Čekić.

Alikuwa wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, viatu vyake vina udongo mkavu, na mkononi ana kapu lililofunikwa kwa taulo. Harufu ya jibini ilitangulia kabla ya salamu. Termos akasogea, akampa nafasi na kikombe cha kahawa. Alisema anaitwa Stamenka, ametoka kijijini kule milimani, mashariki, mabasi matatu. Mume wake ni mgonjwa na ng'ombe hawajui Jumapili wala sikukuu, kwa hiyo msimu mzima hakuweza kuja; safari hii jirani amekubali kukamua kwa siku tatu. Amekuja kumwona mwanawe akicheza. Ognjen, namba kumi na nne.

Desimali alifunua kurasa mpaka kwenye jina hilo. Akasoma: dakika nne nukta sita kwa mechi, pointi moja nukta tatu, faulo moja nukta tisa.

Stamenka alisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

— Hayo huwa ananiambia kwa simu, dada. Na nikimuuliza zaidi anasema vizuri, mama. Tangu utotoni akisema vizuri, basi mimi sijajua kitu. Nyinyi ndio mashabiki, mnakaa hapa hapa mlangoni. Niambieni basi. Anachezaje?

Desimali alitazama daftari. Filimbi alifuta kikombe ambacho kilikuwa kisafi. Termos alijaribu kumkumbuka kijana mmoja mrefu aliyewahi kununua maji hapo kibandani, lakini hata hakuwa na hakika kama alikuwa wa Čekić au fundi wa dari. Mechi ishirini na moja. Walijua sabuni ya kufulia kaptula. Walijua vidole viwili vya kikapu. Aibu ilimpanda Termos kutoka miguuni, polepole, kama maji yanayojaa ndani ya buti, na kwa kuwa mama yule alikuwa bado anasubiri, ilibidi mtu aseme.

— Hatujamwona, alisema. Mwaka huu hatujaingia.

Stamenka hakukasirika. Alimaliza kahawa yake, kisha akasema basi ni vizuri, maana yeye ukumbi ule haujui, na hakupenda kuingia peke yake.

Jumamosi waliingia wanne. Filimbi aliiacha filimbi yake kwa muuza magazeti, Desimali alikuja na mkate mzima, na Termos alipanda ngazi akihisi anapeleka ugonjwa hospitali ya watoto. Wakakaa safu ya tisa. Viti vingi vilikuwa vitupu. Mtu angeweza kulala amejinyoosha na asimsumbue jirani. Termos aliwakumbuka watu waliokuwa wakikaa pale, wafanyakazi wa tanuru wakija moja kwa moja na masizi usoni, na akajiuliza wamekwenda wapi. Halafu akajijibu mwenyewe, maana yeye alijua alikuwa wapi.

Mpaka mapumziko Čekić ilikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja, na namba kumi na nne hakuwa ameinuka kwenye benchi ila kuwapa wenzake taulo. Termos hakuweza kuvumilia. Akasimama, akavaa koti, akasema anakwenda kunywa maji.

— Na koti? Stamenka akamuuliza.

Ikabidi aketi na kumwambia ukweli: kwamba yeye akiwepo timu hufungwa, na kwa ajili ya mtoto wake ni heri aondoke.

— Na usipokuwepo?

Ndipo Termos akapiga hesabu. Mwaka huu hakuwepo hata mara moja. Mechi kumi na saba zilizopotea, zote alikuwa jikoni. Hesabu hiyo ilikuwa nyepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeipiga bila daftari, lakini yeye hakuwa ameipiga, kwa sababu kuwa nuksi ni cheo, na kuwa mtu ambaye timu haimjui kama yupo au hayupo si cheo. Akavua koti.

Robo ya tatu mchezaji wao mkubwa alipata faulo ya nne, kocha akageuka, na Ognjen akaingia. Alikuwa mrefu, mwembamba, masikio yake makubwa. Dakika ya kwanza Termos hakuona kitu. Dakika ya pili alianza kuona. Kijana alikuwa akisimama njiani kwa adui, kifua wazi, anagongwa, na mwenzake aliyekuwa anafukuzwa anapita na kufunga. Makofi yalikwenda kwa aliyefunga. Mpira ulipopotea alijitupa chini kifudifudi na kuusukuma kwa vidole kwa mwenzake. Mwenzake akianguka, wa kwanza kumnyooshea mkono ni yeye. Alizungumza muda wote, akionyesha kwa kidole, wewe huku, wewe kule, kama mtu anayefunga milango usiku katika nyumba ambayo wengine wamekwisha lala. Desimali alikuwa na kalamu mkononi na hakuwa na mahali pa kuandika. Kwenye daftari lake hakukuwa na safu ya mambo hayo.

— Sasa nimeona, Stamenka alisema kwa sauti ya chini. Nyumbani pia yuko hivyo.

Pointi kumi na moja zikawa saba, zikawa tatu. Ukumbi ule wenye watu wachache ukaanza kunguruma. Sekunde nane za mwisho Čekić ilikuwa nyuma kwa pointi mbili na mpira ni wao. Ognjen alisimama akagongwa na mtu wa kilo mia na kumi, mfungaji wao akabaki peke yake, akarusha. Mpira uligonga chuma, ukazunguka, ukatoka nje.

Filimbi aliweka mikono kichwani. Desimali alikuwa analia na mkate mdomoni. Termos alisubiri ile hatia aliyoizoea, ije imkalie kifuani na kumwambia kwamba ni yeye. Haikuja. Kilichokuja ni huzuni tu, ya kawaida, ile ile waliyokuwa nayo watu wengine wote mle ndani, na ajabu ni kwamba ilikuwa nyepesi kubeba kwa sababu ilikuwa na wabebaji wengi.

Walimngoja kijana mlango wa nyuma. Alitoka nywele zimelowa, nyusi imebandikwa plasta, akainama sana ili mama yake afike shavuni. Stamenka alimpa kapu la jibini, kisha akawageukia wale watatu na kuwatambulisha kuwa ndio wenyeji wake, watu wanaoijua timu hii kuliko wote. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Ognjen aliwapa mkono mmoja mmoja. Alisema mkataba wake umebakiza mwaka, kwa hiyo yeye atashuka na timu. Halafu, kwa ile adabu ya kijana wa kijijini anayewauliza wakubwa, akamgeukia Termos.

— Wewe unaonaje, mzee? Msimu ujao tutarudi?

Termos alikuwa amelijibu swali hilo kila asubuhi kwa miaka, tena akiwa na majibu mawili ya akiba.

— Sijui, mwanangu. Itabidi nije niangalie.

— Daraja la pili wanacheza Ijumaa.

— Basi Ijumaa.